Mtiki au msonobari kwa dirisha la zamani?

Anza na bisibisi. Ichomeke kwenye ubao wa chini wa fremu, pale maji ya mvua yanapotuama. Ikizama kama kwenye mkate, ubao umeoza, hauna dawa ila kukatwa. Hapo ndipo mtiki unapostahili gharama yake: una mafuta ya asili, mchwa hawaupendi, wala haupindi ovyo. Ila mafuta hayohayo hukataa gundi, kwa hiyo futa maungio kwa spiriti kwanza. Randa nayo huwa butu upesi. Tena sifa hizo ni za moyo wa mti tu. Ile sehemu nyeupe ya nje huoza kama mbao nyingine, na wauzaji huichanganya humohumo.

Msonobari ni mwepesi, nafuu, na hukatika vizuri. Dirisha likikingwa na paa pana, mimi ningeuchukua bila wasiwasi, mradi uwe mkavu, umetiwa dawa, na rangi ifike hata kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko unakonyonya maji zaidi. Vifundo vyake hutoa utomvu unaochafua rangi.