TAHADHARI: Pleya za santuri "zilizobadilishwa umeme", Arusha na Moshi

Ndugu zangu mnaopenda santuri, kuna mtu anauza pleya kati ya Arusha na Moshi. Matangazo yake anayarusha kwenye makundi ya simu, mashine imewekwa juu ya kitenge cha bluu chenye maua meupe, na maneno hayabadiliki: "Imetoka Marekani, imeshabadilishwa umeme, chomeka usikilize." Msimtumie hata shilingi mia. Mimi nimeshampa laki nne na nusu.

Santuri zenyewe ninazo nyingi, ni za marehemu baba. Alikuwa dereva wa lori, akivuka Namanga kwenda Nairobi, na kila safari alirudi na sahani mbili tatu zile ndogo za spidi 45, zenye tundu kubwa katikati. Zimekaa kwenye sanduku la bati hapa Moshi miaka na miaka kwa sababu gramafoni yake ilikufa. Kwa hiyo nilipoona tangazo moyo ulinienda mbio, na yule mtu aliponiuliza kwenye simu nina sahani gani, nikamweleza kila kitu. Alijua nimeshanasa.

Nilituma laki moja ya kishikio, yaani malipo ya awali. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema, "Hiyo laini ya mke wangu kaka, usiwe na wasiwasi." Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama.

Tulikutana Arusha, karibu na Mnara wa Saa, jua limeshazama. Nikataka kuisikia ikipiga. Akasema kwake umeme umekatika, tukaomba kuchomeka kwenye duka la vinywaji. Amekuja na transfoma ndogo nzito, akachomeka, sinia la pleya likaanza kuzunguka polepole na kwa utulivu. "Unaona mkubwa? Inazunguka." Kweli ilikuwa inazunguka. Spika hakuja nazo, santuri hakuja nayo, na mimi nilikuwa nawahi kosta ya mwisho. Nikammalizia hela yake.

Nyumbani nikaunganisha na amplifaya, nikaweka sahani ya bendi ya Simba Wanyika. Waanzilishi wake, ndugu wa Kinyonga, walitokea Tanga, wakapiga Arusha wakiwa na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971, na baba alikuwa anasimulia alivyowaona kwa macho yake. Basi sauti iliyotoka siyo ile niliyokua nayo. Mwimbaji anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini, gita la solo linaburuta miguu. Nikadhani amplifaya. Nikabadilisha waya. Nikaweka spika nyingine. Nikairudia sahani ile mara tatu, jambo ninalolijutia hadi leo.

Asubuhi nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio, Mbuyuni. Hakuifungua kwanza. Alichana kipande cha karatasi, akakibandika ukingoni mwa sinia, akaweka spidi 33, akachukua saa yake akaniambia, "Hesabu." Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, maana yake dakika tatu ni mizunguko 100 kamili. Nilihesabu 83.

Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa na stika mpya imeandikwa 230V. Akaibandua kwa ukucha, chini yake kikatokea kibati cha kiwandani: volti 120, hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Na mota ya pleya hii ni ya aina inayofuata hezi za umeme: ukiipa 50 badala ya 60, inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za spidi yake. Ndiyo zile 83 zangu. Kwa jicho huwezi kuona tofauti hiyo pale dukani, na yule mtu analijua hilo vizuri sana.

Isieleweke kwamba kila mashine ya Marekani ni mbovu. Zipo ambazo spidi yake inatawaliwa na saketi ya ndani, hizo hazijali hezi, ukizipa volti zake zinapiga sawasawa. Na hii yangu dawa yake ipo: mzee alisema puli ya mota ichongwe upya kwenye leithi, mashine ya kuchongea vyuma, iwe nene kwa asilimia 20, mkanda utazungusha sinia kwa spidi inayotakiwa. Angeniambia ukweli huo ningeinunua kwa bei yake na kuchongesha mwenyewe. Yeye alibandika stika.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni sindano. Mzee alipoinua mkono wa pleya, tukakuta juu ya katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, sarafu imefungwa kwa utepe mweusi. Sindano imekwisha, ilikuwa inarukaruka, basi akaikandamiza kwa sarafu ili itulie. Tuliupima ule mkono kwenye mzani mdogo wa sonara: gramu 7. Katriji nyingi za sumaku zinataka gramu moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Kwenye ncha ya sindano kulikuwa na vumbi jeusi limesokotana kama nyuzi. Ile ni sahani ya baba, imekwanguliwa. Sasa hivi hata ukiipiga kwenye mashine nzuri, kwenye tarumbeta inakwaruza, na mistari iliyolika hairudi.

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza akasema nimeiharibu mwenyewe. Mara ya pili akasema atanirudishia nusu. Baada ya hapo namba haipatikani. Nimeongea na wengine wawili, mmoja wa Sakina, mwingine wa Usa River. Wa Sakina ana mashine kama yangu. Wa Usa River alituma kishikio na hakuona mzigo wala mtu.

Mkienda kununua pleya, kwa yeyote yule, beba santuri yako moja usiyoionea uchungu, na kipande cha karatasi. Hesabu dakika tatu nzima. Angalia kibati cha nyuma, na ukikuta stika juu ya kibati, ibandue. Shika mkono wa pleya uone kama kuna kitu kimefungwa. Video msiziamini: ile aliyonitumia, nilipoitazama tena kwa utulivu, sindano imeshafika mwisho wa sahani na wimbo ndiyo kwanza uko katikati.

Nimeripoti polisi na RB ninayo. Namba yake nimeituma pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi mliotapeliwa fanyeni hivyo. Jana jioni nimeona kitenge kile kile cha bluu kwenye kundi lingine, laini mpya, anasema mzigo uko Moshi na anataka laki tano. Kama umeshamtumia fedha, usifute ujumbe wa muamala. Nitafute, twende nao pamoja kituoni.