Mita ya manjano ya DT830 kwenye asubuhi za Makete: inatosha, ukijua inapodanganya

Ni ile multimita ndogo ya manjano inayoenea kiganjani, yenye swichi ya kuzungusha katikati na matundu matatu ya waya. Viwanda vingi vinaitoa kwa namba hiyohiyo ya DT830, herufi ya mwisho tu ndiyo hubadilika, na bei yake ni ya kifaa cha chini kabisa dukani. Swali la mwenye gari linalolala nje Makete, Matamba au Njombe ni moja: inafaa kutafutia ugonjwa gari linapogoma saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, sakitu ikiwa imetanda kwenye kioo? Inafaa. Na faida yake kubwa ni kukuzuia usinunue betri ambayo hukuihitaji.

Kwenye nyuzi 0 betri ya gari hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake ya kupiga stata, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito, stata inataka umeme mwingi kuliko kawaida. Ndiyo maana temino (kibanio cha waya kwenye betri) yenye kutu au waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye injini na bodi) uliolegea, ambao Dar es Salaam usingeusikia mwaka mzima, huku juu unalaza gari. Gari likisukumwa likawaka, likateremka zile kona 57 hadi Chimala, likizimwa kule linawaka kwa mguso mmoja, na dereva anasema betri imepona. Haijapona, imepata joto.

Anza na volti za betri iliyolala usiku kucha. Swichi iweke kwenye 20 ya upande wa volti za DC (umeme wa betri), zima taa ya ndani kabla hujafungua boneti, kisha gusa vichwa vya betri vyenyewe. 12.6 na kuendelea imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Hapa mita hii inasema kweli kabisa, na makosa yake ya sehemu ndogo ya volti hayabadilishi uamuzi. Tofauti iko kwenye tafsiri: betri ya 12.2 mahali pa joto inawasha gari bila kelele, Makete alfajiri hiyo ni kazi ya kubahatisha. Ukipima jioni gari likiwa limetoka safari, utadanganyika, maana chaji ya juujuu inaonyesha 12.9. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo, ndipo upime.

Kipimo cha pili ni wakati stata inazunguka. Gari la petroli litolee fyuzi ya pampu ya mafuta ili lisiwake, mtu mmoja apige stata kwa sekunde zisizozidi kumi, mwingine asome. Ikishuka chini ya 9.6 wakati kabla ya hapo ilikuwa 12.6, huenda betri imechoka ndani. Ikibaki 11 huku stata inazunguka kwa uvivu au inagonga tu “tak”, acha betri ya watu, ugonjwa uko mbele yake. Udhaifu wa mita hii unaonekana papo hapo: inabadilisha namba mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo ule mporomoko wa kwanza kabisa haiuoni. Soma namba iliyotulia baada ya sekunde tatu hivi, na isiyotulia usiiamini.

Kipimo kinachorudisha hela yote ya mita ni cha volti zinazopotea njiani, na mafundi wengi wanakiruka. Ncha nyekundu iweke kwenye kichwa cha chanya cha betri, yaani kwenye ile nguzo ya risasi yenyewe, siyo kwenye kibanio cha waya. Ncha nyeusi iweke kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya huo. Piga stata. Waya mzima utasoma 0.2 au 0.3, ukifika 0.5 una tatizo. Upande wa ethi ni hivyohivyo: kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini, isizidi 0.3. Ukikuta 1.2, sogeza ncha kidogokidogo. Kutoka kwenye risasi hadi kwenye kibanio, umbali wa milimita chache tu, unaweza kukuta volti nzima imelala pale, na ukifungua utaona ngozi nyeusi ya kutu imetenganisha risasi na shaba. Spana namba 10, magadi soda kwenye maji ya uvuguvugu, brashi ya waya, kaza, paka grisi juu. Dakika ishirini. Ikiwa kutu iko chini ya mpira wa waya, waya umevimba na kukakamaa, huo haupasuliwi wala haufungwi selotepu, unabadilishwa.

Kuhusu maji ya betri, sehemu nyingine jina hilo hutumika kwa maji safi na kwa asidi pia. Betri iliyopungua huongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake. Asidi ukiiongeza unaiua.

Gari likiwaka, soma tena kwenye vichwa: 13.8 hadi 14.5 ni sawa, na asubuhi ya baridi 14.7 isikutishe. Chini ya 13.3, angalia mkanda wa alteneta (inayochaji betri) kwanza.

Kutafuta kinachonyonya betri usiku, mita hii ina mtego. Tundu la 10A kwa kawaida halina fyuzi, na lile la 200mA lina fyuzi ndogo inayoungua vifaa vya umeme vya gari vinapoamka tu. Njia salama ni kuacha fyuzi za gari mahali pake na kugusa vile vyuma viwili vinavyoonekana mgongoni mwa kila moja, swichi ikiwa kwenye 200m ya volti. Fyuzi ya 10A inayopitisha miliampia 50 itaonyesha karibu milivolti 0.4, isiyopitisha kitu itaonyesha 0. Unapata saketi yenye makosa bila kuchomoa chochote. Ukiamua kutumia tundu la 10A, usiguse stata, na ukimaliza rudisha waya mwekundu tundu lake. Kosa linaloua mita hizi ni kusahau hapo na kwenda kupima volti za betri: waya zinayeyuka mkononi.

Kwa gari la dizeli, kama Land Cruiser ya injini ya 1HZ au Hiace ya 3L, plagi za kupasha (zinazopasha injini kabla ya kuwaka) ndizo za kushuku injini inapozunguka vizuri lakini inatoa moshi mweupe tu. Fungua bamba linaloziunganisha, pima kila moja kwenye 200 ya omu. Gusanisha ncha kwanza uone waya za mita zina kiasi gani, mara nyingi 0.3 hadi 0.5, utoe. Plagi nzima husoma karibu omu moja au chini yake, iliyokatika inaleta 1 peke yake upande wa kushoto. Zaidi ya kusema hai au imekufa, usiiombe mita hii kitu hapa, haina macho ya kutofautisha plagi iliyochoka.

Uongo wake mbaya kuliko wote unatoka kwenye betri yake ya volti 9. Ikichoka, namba zinapanda badala ya kushuka, na betri ya gari iliyo taabani inasomeka imejaa. Haijizimi yenyewe, kwa hiyo inachoka upesi. Ipime kwa betri mpya ya saa ya ukutani, inapaswa kusoma karibu 1.6. Ikileta 1.8, badilisha ile ya 9 kabla ya kumlaumu mtu. Kioo chake kwa kawaida hakina taa, na kwenye baridi namba zinabadilika kwa uzito. Ikae mfuko wa ndani wa koti, siyo kwenye buti usiku kucha. Waya zake ni nyembamba, zinakakamaa na kukatikia shingoni mwa ncha.

Mwenye gereji anayepokea magari kumi kwa siku anunue mita ya klempu (inayobana waya bila kuufungua) inayosoma ampia za DC, aone stata inakula kiasi gani. Mwenye Noah au Probox moja inayolala Kitulo hii inamtosha, akiongeza jozi ya klipu za mamba na betri ya 9 ya alkali, kwa sababu ile inayokuja ndani ya boksi ni ya kutupa.