ABAB au besilaini nyingi, ipi kali?

Hili swali haliishi kwa wanaotaka kuthibitisha kuwa ni afua (mbinu ya kubadili tabia) iliyombadilisha mtu, na hizi njia zote mbili za utafiti Baer, Wolf na Risley, watafiti wa tabia, walishazieleza tangu 1968. Kwa nguvu ya ushahidi mi naipa ABAB: unapima tabia kwanza (A, ndiyo besilaini), unaweka afua (B), unaiondoa (A), unairudisha (B), sasa mtoto akipiga kelele mara 20 kwa saa halafu 4 halafu 18 halafu 3, hapo nani atabisha? Shida ni huko kuondoa. Kama anajigonga kichwa ukutani utairudisha hali ya mwanzo eti grafu ipendeze? Na aliyeshajua kusoma hasahau kisa umesimamisha somo, kwa hiyo ABAB hapo imekwama.

Besilaini nyingi haikudai uondoe kitu, unapima watu watatu, afua unaanza na mmoja wenzake wawili wanasubiri, kila mstari wa grafu ukibadilika zamu yake ikifika tu, umeshinda. Ila inakula muda, yule wa tatu anasota wiki kibao bila msaada, na wakianza kuigana mapema imekula kwako.

Una mtu mmoja na tabia isiyo na hatari? ABAB. Una watatu, au stadi isiyofutika? Hiyo nyingine.