Topps Now ya Oktoba: ipi ununue, ipi uiache ipite

Zamani mkusanyaji wa kadi za besiboli alisubiri mwaka ugeuke ndipo aione fainali kwenye kadi. Fainali ya 1959, Dodgers dhidi ya White Sox, iliingia kwenye seti ya 1960 ya Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi hizo. Topps Now, iliyoanza 2016, imefuta kusubiri huko. Mechi inaisha usiku, kesho yake kadi ya tukio inauzwa kwenye tovuti ya Topps, na dirisha la mauzo likifungwa zinachapwa kulingana na oda zilizoingia. Kwa mechi za mchujo za Oktoba, zinazoishia kwenye fainali yaani World Series, sioni bidhaa nyingine inayomfikia shabiki haraka namna hii, na kwa hilo peke yake inastahili sifa.

Tatizo lake liko kwenye idadi. Kadi ya kawaida ya Topps Now haina namba ya mfululizo (ile inayoonyesha ni ya ngapi kati ya ngapi), na jumla iliyochapwa hutangazwa tovutini baada ya dirisha kufungwa. Unalipa kwanza, halafu ndipo unajua mko wangapi. Na Oktoba mko wengi. Chukua Freddie Freeman, tarehe 25 Oktoba 2024: Dodgers wako nyuma 3-2 dhidi ya Yankees, iningi (awamu ya mchezo) ya 10, wapigaji wawili wa Dodgers wameshatolewa, bezi zote tatu zina wakimbiaji. Mpira wa kwanza anaorushiwa na Nestor Cortes, mrushaji wa Yankees, anaupeleka jukwaani na mechi inaisha 6-3. Katika historia yote ya World Series, hakuna aliyewahi kumaliza mechi kwa homurani (pigo la kuupeleka mpira nje ya uwanja) ya alama nne kabla yake. Tukio la aina hiyo kila mtu analitaka, na ndiyo maana kadi yake ya kawaida haiwezi kuwa adimu. Adimu ni zile zenye saini au zenye namba, ambazo hutolewa chache.

Kwa hiyo anayenunua ili auze, aangalie mwendo wa bei. Wauzaji huanza kuitangaza kadi eBay hata kabla haijafika mikononi mwao, na bei hupanda hapo, wakati watu bado wana joto la mechi. Vifurushi vinapofika wiki kadhaa baadaye, wengi huziweka sokoni kwa pamoja na bei hushuka. Ukikosa dirisha, usikimbilie. Subiri vifurushi vifike, kisha chuja matokeo ya eBay uone zilizouzwa kweli. Bei anayoomba muuzaji haikuambii kitu.

Kwa anayenunua ili abaki nayo, kazi ni kuchagua. Mechi ya 7 ya 2025, Dodgers na Blue Jays mjini Toronto, ilikuwa na matukio matatu ambayo kila moja lingebeba kadi yake: Miguel Rojas akisawazisha iningi ya 9, Will Smith akipiga homurani ya ushindi iningi ya 11, na Yoshinobu Yamamoto akimaliza kazi siku moja tu baada ya kurusha mipira 96 katika mechi ya 6. Mimi ningechukua ya Yamamoto. Homurani huonekana kila Oktoba; mrushaji kurudi kwenye kilima cha kurushia bila hata siku ya kupumzika, akashinda mechi ya 6 na ya 7, ni jambo la nadra sana.

Kabla ya kulipa, ikuze picha. Kadi nzuri inaonyesha tendo lenyewe: gongo limegusa mpira, au mkono wa mrushaji umefika mwisho wa mwendo wake. Nyingi za Oktoba zina picha ya watu wanakumbatiana, na baada ya miaka mitano huwezi kutofautisha mkumbatio mmoja na mwingine. Soma na maelezo ya nyuma, kwani huandikwa haraka: kadi ya mechi ya 2 haijui kuwa mchezaji yuleyule ataibuka bora wa fainali nzima.

Walioko Afrika Mashariki wakumbuke saa. Mechi ya saa mbili usiku New York huanza saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam, na saa ya dirisha kufungwa huhesabiwa kwa saa za Marekani. Mapema Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, na tofauti inatoka saa 7 kuwa 8.

Kuituma PSA, kampuni ya kupima kadi, ikapimwe ubora, kwa kadi ya kawaida, ni hasara. Ada huzidi bei ya kadi yenyewe.

Ikifika, ivalishe kwanza mfuko laini wa plastiki, kisha iingie kwenye toploda (kifuko cha plastiki ngumu) ya inchi 3 kwa 4. Usiisukume ikiwa imenyooka: iinamishe kidogo, pembe moja ya chini itangulie, maana pembe nyingi huharibikia kwenye mdomo wa mfuko. Toploda ikilegea kadi hucheza na kingo kusuguka. Ikibana, kingo hupondeka. Funga juu kwa utepe wa mafundi rangi, ncha ukiikunja ibaki ya kushikia. Gundi ya selotepu huacha ute, na ute huo ukigusa uso wa kadi hautoki salama. Pwani, kwenye unyevu, kadi za kung'aa aina ya Chrome hupinda kwa sababu karatasi hunywa unyevu na tabaka la juu halinywi. Weka pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi na uzibadilishe zinapochoka.