Mtandio, Ushungi, Baibui au Nikabu: Kipi Kinunuliwe Kwanza Mbeya

Wafanyabiashara wengi wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya huchukua mzigo Kariakoo, na kwa hiyo mavazi ya stara yanayotufikia huwa yamechaguliwa kwa joto la Dar es Salaam, ilhali Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai huteremka chini ya nyuzi 10. Mnunuzi wa huku aanze na kitambaa, ndipo aje kwenye mshono.

Ninaouweka wa kwanza ni mtandio wa jezi, kitambaa kile cha fulana, kwa sababu hufunika nywele, masikio na shingo bila kudai pini nyingi, wala hauporomoki upepo unapovuma. Kabla ya kulipa, toka nao mlangoni, utandaze juu ya kiganja uuinue kwenye mwanga: ukiweza kuhesabu vidole vyako, urudishe. Shifoni, kitambaa kile chepesi chenye kuangaza, ni nzuri arusini, lakini huteleza, hutaka kofia ya ndani, na wakati wa kipupwe hung'ang'ania sweta.

Wa pili ni ushungi mrefu wa kushona, ambao wengine huuita khimari, unaovaliwa kwa kupitisha kichwa na kushuka hadi kiunoni au magotini. Wengi huudharau kuwa ni wa wanafunzi wa madrasa. Mimi naona ndio unaotufaa zaidi kwenye baridi, kwani huficha sweta nene bila kubana. Kwa swala ya nyumbani usinunue kitu. Doti ya kanga iliyomo sandukuni inatosha.

Baibui, au abaya kama linavyoandikwa kwenye lebo, nimeliweka la tatu kwa kuwa ndilo linalokula fedha nyingi na kukosewa mara nyingi. Namba yake ni urefu kwa inchi kutoka begani hadi upindo, hivyo 54 ni kama sentimita 137. Lijaribu ukiwa na viatu vyako vya kila siku na sweta ndani, kisha chagua lililo fupi kwa inchi mbili kuliko anavyokushauri muuzaji, maana tope la masika huko Uyole halina huruma na upindo unaoburuta, na anayepanda bodaboda huweza kunaswa nguo kwenye mnyororo.

Nikabu, ambayo mitaani huitwa ninja, huacha macho tu wazi, na wanazuoni wamehitilafiana kama kufunika uso ni wajibu. Wapo wanaoiita burka, ingawa burka yenye wavu mbele ya macho ni vazi la Afghanistan. Aliyekwisha kuamua kuivaa achukue ya pamba badala ya poliesta, tena achukue mbili, kwa kuwa katika baridi ya asubuhi pumzi huilowesha kabla ya saa tatu.