Biti za almasi kwa vyungu vya bonsai: nimetoboa kumi na moja, kimoja kikapasuka

Nafuga bonsai, yaani miti inayokuzwa iwe midogo ndani ya vyungu vifupi: nina mibuyu minne niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, na waridi za jangwani tano. Zamani mibuyu ilikuwa mitano. Wa tano niliupanda kwenye bakuli zuri la kauri lisilo na tundu, nikatandika kokoto chini nikiamini maji yatajikusanya huko na mizizi itabaki salama. Mzizi wa mbuyu mchanga ni mnene na laini kama muhogo, na ukilala kwenye tope unaoza kimyakimya. Siku nilipoligusa shina lilibonyea kama ndizi iliyopitiliza.

Kuhusu kokoto, nimekuja kuelewa baadaye. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe kabisa. Kwa hiyo ile tabaka ya majimaji haiondoki, unaipandisha juu tu karibu zaidi na mizizi. Kwenye ndoo ya lita 20 mti unaweza usijali. Kwenye chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5 au 6, hiyo tabaka ni karibu nusu ya nyumba yake.

Vyungu halisi vya bonsai, kama vile vya Tokoname kule Japani, vinatoka kwa mfinyanzi vikiwa na matundu makubwa ya maji, na mara nyingi na vitundu vidogo vya kupitishia waya wa kuufunga mti. Mimi si mtu wa kuagiza chungu Japani. Mimi ni mtu wa mnadani, kwenye vyombo vya mtumba. Huko kuna mabakuli ya kuokea ya mviringo mrefu, mafupi, ya kahawia au bluu iliyoiva, mazito, ambayo ukiyatazama kwa jicho la bonsai unaona kabisa mti umekaa humo. Shida ni tundu.

Mara ya kwanza nilimpelekea fundi vigae wa mtaani. Akalitazama bakuli, akacheka. "Kaka, hii si kigae tu? Dakika moja." Akaweka biti ya zege kwenye drili yake kubwa, na kitufe kikiwa palepale kwenye picha ya nyundo, yaani drili inagonga huku ikizunguka. Haikufika hata hiyo dakika. Tak! Mstari ukakimbia kutoka katikati hadi ukingoni. Hakunidai hela, na mimi sikumdai bakuli.

Ndipo nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikatafuta biti za almasi. Nilinunua seti ya tano: milimita 6, 8, 10, 12 na 16. Muuzaji alianza na 30,000, tukaishia 22,000. Hazina jina lolote la kampuni, zimekaa kwenye kifuko cha plastiki. Kabla sijaondoka akaniambia, "Bosi, hizo unatoboa kavukavu, hazina shida." Ukiambiwa hivyo, itikia tu, lipa, halafu usimfuate.

Biti yenyewe ni kipande cha bomba la chuma, wazi katikati, na mdomo wake umepakwa chenga za almasi zilizoshikiliwa na nikeli. Haina meno na haikati. Inasaga. Ikisaga inatoa joto, na joto likizidi zile chenga zinabanduka, unabaki na bomba la chuma linalosugua kauri. Joto hilohilo ndilo linalopasua chungu. Maji yanapooza na kuondoa unga. Ukiwa na maji, mwendo wa polepole na mkono mwepesi, biti ya bei chee inafanya kazi ya maana. Ukikosa kimojawapo, hata ya bei mbaya itakuaibisha.

Usumbufu wa kwanza ni kwamba biti hizi hazina ncha katikati. Ukiiweka wima juu ya lile ganda linalong'aa, inateleza na kuchora duara la kilevi. Nilichora la namna hiyo kwenye bakuli la bluu, lipo mpaka leo, bahati iko chini. Dawa yake ni kuanza ukiwa umeinamisha drili kama nyuzi 45, upande mmoja wa biti uume kidogo mpaka upate alama ya mwezi mchanga, halafu unainyanyua taratibu ukiendelea kuzungusha mpaka ikae wima. Au chukua kipande cha mbao, kitoboe kwa biti hiyohiyo, ukibane juu ya chungu kiwe mwongozo. Mimi nimezoea ule mwezi.

Maji nayaweka hivi: nakigeuza chungu kifudifudi, nimekijaza mchanga mbichi na kukilaza juu ya mchanga mwingine ili kisicheze, kisha nazungushia pale ninapotoboa kamba ya unga wa chapati, kama ukuta wa kisima. Ndani ya kisima namimina maji. (Unga uliobaki umekwishapata wateja, ni kuku wa jirani.) Natumia drili ya betri, kwa sababu maji na waya wa umeme sitaki vikutane mikononi mwangu.

Kisha ni kusubiri. Maji yanageuka uji mweupe, naufuta, namimina mengine. Kila sekunde chache nainyanyua biti kidogo maji yaingie chini yake. Bakuli lenye kitako cha milimita 8 lilinichukua dakika kama sita kwa tundu la milimita 10. Sauti ndiyo saa yako. Mwanzoni ni mkwaruzo mkavu juu ya ganda, katikati ni mvumo mzito usiobadilika, na ukikaribia kutoka sauti inakuwa nyembamba na tupu. Hapo ondoa uzito wote wa mkono, acha drili ijibebe yenyewe. Kitako kikitoboka, kauri ya upande wa kutokea huwa inamenyeka kidogo, ndiyo maana naanzia nje: mmenyeko unabaki ndani, unafunikwa na udongo.

Kimoja kilichopasuka kilipasuka hapohapo mwishoni. Betri ilikuwa inakata roho, mimi nikaona milimita moja iliyobaki haifai kusubiri chaji, nikaegemea. Hilo siwezi kuilaumu biti.

Malalamiko yangu kwa bidhaa ni mengine. Ya milimita 6, niliyoitegemea kwa vitundu vya waya, iliisha makali kwenye chungu cha nne, na hata ilipokuwa mpya, tundu la milimita 6 kwa waya ni kubwa kuliko linavyohitajika. Ya 8 ilikuwa imepinda kidogo toka dukani, ikizunguka unaiona inatikisika. Ya 16 sijaigusa. Ya 10 na ya 12 ndizo zimefanya kazi yote, na ya 10 bado inauma vizuri baada ya matundu kumi na tisa. Kidonge cha kauri kinachonasa ndani ya bomba kinakera: kitoe kwa msumari kila baada ya tundu, la sivyo biti haiingii hata ukisali.

Kama chungu chako ni cha udongo wa kuchoma usio na ganda la kung'aa, hela ya almasi iache. Kiloweke usiku kucha, tumia biti ya kawaida ya ukuta, nyundo ikiwa imezimwa. Kinapita kama mkate mkavu. Na chochote utakachonunua mnadani, kigonge kwanza kwa kidole. Kizima kinalia kama kengele. Kikijibu kwa sauti ya mbao, kina ufa usiouona, na drili itakuonyesha.

Usitoboe kavu hata kama una haraka. Licha ya biti kufa, vumbi la kauri lina silika na halifai mapafuni. Miwani pia vaa.

Juu ya matundu natandika kipande cha wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, na udongo wangu ni tofali la kuchoma lililopondwa, mchanga mkubwa na mkaa kidogo. Nikimwagilia mbuyu mkubwa asubuhi, maji yanaanza kudondoka chini kabla sijaweka kopo pembeni.

Nikizipa alama biti hizi, ni tatu kwa tano. Nilirudi kuulizia ya 10 peke yake. Haiuzwi moja moja, kwa hiyo sasa nina biti mbili za milimita 16 nisizojua nizifanyie nini.