Kitabu cha Kenneth Dover kuhusu Wagiriki, kikisomwa Kampala

Katika mabishano yetu ya Uganda kuhusu mapenzi ya jinsia moja, Ugiriki ya kale hutajwa na pande zote mbili, na mara nyingi hutajwa na watu ambao hawajapata kuisoma. Wapo wanaoitaja kama ushahidi kwamba jambo hili ni la Wazungu tangu enzi na enzi, na wapo wanaoitaja kama ukoo wa heshima, kana kwamba kijana wa Ntinda anayempenda mwenzake amerithi pendo hilo moja kwa moja kutoka Athens. Greek Homosexuality, kitabu alichokitoa mwanazuoni Mwingereza Kenneth Dover mwaka 1978 na ambacho Bloomsbury ilikichapisha upya mwaka 2016, kinawanyima wote hao kile wanachokitafuta. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukipendekeza.

Moyo wa kitabu ni kesi moja. Mnamo mwaka 346 au 345 KK, Aeschines, mwanasiasa wa Athens aliyekuwa akitishiwa mashitaka kwa sababu ya ujumbe aliokwenda nao kwa Mfalme Philip wa Makedonia, aliamua kumwahi mshitaki wake, Timarchus, kwa kumfikisha yeye mahakamani kwanza. Alidai kwamba Timarchus aliuza mwili wake alipokuwa kijana, na sheria ya Athens ilimkataza raia wa namna hiyo kuhutubia baraza la wananchi. Dover anaipekua hotuba hiyo kwa subira kubwa, na polepole msomaji anaona mambo mawili aliyodhani ni kitu kimoja yakitengana. Aeschines hasemi popote kwamba mwanamume kumpenda mwanamume ni kosa. Tena anakiri mbele ya majaji kwamba yeye mwenyewe amependa vijana, ametunga mashairi ya mapenzi na amewahi kuingia katika ugomvi kwa ajili hiyo. Anachokishitaki ni raia kujigeuza bidhaa, kwani aliyeuza mwili wake, asema, hatashindwa kuuza maslahi ya mji. Timarchus alishindwa na kupoteza haki zake za uraia. Sijasoma maelezo bora kuliko haya ya jinsi jamii moja ilivyoweza kuliheshimu na kulidhibiti pendo lile lile kwa wakati mmoja.

Mbali na hotuba hiyo, Dover anatumia mashairi, tamthilia za vichekesho na mamia ya vyombo vya udongo vilivyochorwa, ambavyo amevipa alama ya B kwa michoro myeusi na R kwa ile myekundu. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe, na msomaji atalazimika kufunua kurasa mbele na nyuma kila mara ili kulinganisha maelezo na picha. Inachosha, lakini uzito wa ushahidi unastahili uchovu huo.

Kinachojitokeza kutoka katika ushahidi huo ni desturi yenye ngazi. Pendo ambalo watu wa Athens walilisifu lilikuwa la mwanamume mtu mzima kwa kijana ambaye ndevu hazijamwota, na mwanamume huyo huyo alitarajiwa kuoa na kupata watoto. Hapa sina budi kusema bila kuzungukazunguka kwamba uhusiano wa mtu mzima na mtoto ni dhuluma, uwe wa Athens au wa Kampala, na kwamba watu wazima wawili wanaopendana leo kwa hiari yao hawapaswi kubebeshwa mzigo wa desturi hiyo. Wanaojaribu kuwabebesha hawakusoma, au wamesoma na kuficha.

Je, utambulisho wa leo ulitoka wapi basi? Katika Karamu, kitabu cha mwanafalsafa Plato, Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, anasimulia kwamba binadamu wa mwanzo walikuwa na miili miwili iliyoungana, Zeus akawakata, na tangu hapo kila nusu huitafuta nusu yake, wengine wa jinsia tofauti, wengine wa jinsia moja. Hapo ndipo Wagiriki walipokaribia zaidi wazo letu la mtu kuzaliwa na mwelekeo wake. Hata hivyo Plato huyo huyo, katika kitabu chake Sheria, alichokiandika uzeeni, alisema kwamba wanaume kulalana ni kinyume cha maumbile. Waliojenga daraja kutoka huko hadi kwetu ni watu wa karne ya 19: Karl Heinrich Ulrichs, Mjerumani ambaye mwaka 1864 alichota kutoka katika Karamu majina aliyowapa wapenda jinsia moja, Karl-Maria Kertbeny, aliyechapisha istilahi ya kisasa, homosexual, mwaka 1869 alipokuwa akipinga sheria ya Prussia, na Mwingereza John Addington Symonds, aliyechapisha utafiti wake juu ya Wagiriki mwaka 1883 kwa siri, nakala kumi tu. Walitafuta mababu kwa sababu sheria za nchi zao ziliwatishia kifungo. Dover hakuingia katika historia hii, na kwa msomaji wa Uganda hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa Uingereza iliyowafunza vijana wake Kigiriki ndiyo iliyotuachia Kanuni za Adhabu za mwaka 1950, zilizoadhibu mapenzi ya jinsia moja, kisha mwaka 1967 ikaanza kuifuta adhabu hiyo kwake. Sisi tumeiongeza: sheria ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha maisha, hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame mwezi Aprili 2024.

Nilipokuwa nikisoma sura ya Timarchus nilimfikiria Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na vijana Wakristo wa Lubiri, jumba lake la kifalme, waliouawa Namugongo mwaka 1886, wengine, inasimuliwa, kwa kukataa tamaa yake. Habari zao zimetufikia kwa kiasi kikubwa kupitia kalamu za wamisionari, na mamlaka ya mfalme juu ya watumishi wake, dini mpya na siasa za Buganda zimechanganyika humo. Natamani mno mwanahistoria wetu azipime habari hizo kwa makini ya Dover, bila kumtetea yeyote na bila kumwogopa yeyote.

Wanawake wamepewa kurasa chache, na mshairi Sappho wa Lesbos alistahili zaidi. Pia mwaka 2007 mwanahistoria James Davidson alimlaumu Dover kwa kutilia mkazo tendo na utawala wa mmoja juu ya mwingine kiasi cha kulisahau pendo lenyewe, na naona lawama hiyo ina haki. Pausanias na Agathon, wapenzi wawili wanaotajwa katika Karamu, waliodumu pamoja hadi utu uzima, wanahitaji lugha yenye joto kuliko hii.

Atakayekinunua na aanze na sura ya pili, ile ya Timarchus, akiwa na hotuba ya Aeschines pembeni, kisha arudi kwenye sura ya kwanza, ambayo ni kavu kwa asiyejua bado kesi ilihusu nini.